Nilifungua Maji ya Josho, Mama Mkwe Akabeba Lawama

Niseme mara moja kabla moyo haujarudi nyuma: ni mimi. Yale maji niliyafungua mimi, kwa mikono yangu hii miwili, mchana kweupe, nikijua kabisa siku zake hazijatimia. Hakukuwa na mchawi. Hakukuwa na jicho la mtu. Na maziwa ya yule mama hayakuwa na neno lolote!

Miaka tisa nimeyameza haya. Nimekaa kanisani benchi la mbele, nimeitwa mtu wa adabu, watu wameniletea watoto wao niwe baba wa ubatizo. Jamani, laiti wangejua! Leo wacha nitapike yote, na wewe unayesoma nivumilie kidogo, maana sijazoea kusema ukweli huu kwa sauti.

Mimi ni mtu wa upande wa mlima Elgon, Mbukusu. Nilikuja Eldoret kijana kutafuta kazi, nikaandikwa kwenye shamba la mzungu mmoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya gari la moshi. Tulimwita Bwana Saa, kwa sababu hata ng'ombe akizaa yeye kwanza alitoa saa mfukoni akaitazama.

Kazi yangu ilikuwa josho, au dipu kama tulivyozoea kusema. Ni lile shimo refu la saruji ambalo ng'ombe wanatumbukia na kuogelea mpaka upande wa pili, ili kupe wafe. Dawa yake siku zile ilikuwa na sumu ambayo wazungu wanaiita aseniki. Ng'ombe akimeza mafunda machache tu, umempoteza.

Sasa dawa ikichafuka kwa mavi na matope, lazima itolewe na itiwe mpya. Ile ya zamani utaitupa wapi? Ukiimwaga ovyo unaua kijito kizima.

Bwana Saa alikuwa na tangi la pili la saruji, kando ya josho, la kutuliza maji hayo. Chini lilikuwa na tundu lililozibwa kwa kizibo cha mti mgumu, na kutoka hapo mtaro ulishuka mpaka kijitoni. Dawa chafu tulimwaga humo. Tulitia chokaa. Kisha tulitia kutu, naam, kutu ya chuma! Tuliloweka vyuma vya plau vilivyokufa kwenye pipa, tukakwangua ule unga mwekundu, tukaumwaga tangini na kukoroga asubuhi na jioni. Kutu inaikamata ile sumu na kushuka nayo chini kama machicha ya pombe. Machicha hayo tuliyachota baadaye na kuyafukia mbali, juu ya kilima.

Bwana alinifundisha kwa Kiswahili chake: "Chuma nakamata sumu, nakwenda nayo chini. Lakini wewe hapana fungua! Mimi napima kwanza na karatasi yangu. Karatasi nageuka manjano, maji bado mbaya. Karatasi nabaki nyeupe, basi, wewe fungua."

Karatasi hizo alizifungia ofisini ndani ya mkebe. Mara nyingine ilichukua siku kumi na nne, mara nyingine hata ishirini. Na mimi nilikuwa hodari, usicheze! Daktari wa mifugo alikuja kutoka mjini akanisifu mbele ya nyapara. Kichwa kikanivimba hapo hapo.

Nilioa shambani humo humo. Mke wangu Jerono ni Mnandi, na mama yake alikuwa mjane mwenye boma dogo chini kabisa ya shamba, karibu na kijito. Watu wote wa laini za wafanyakazi walichota maji kisima cha juu. Mama peke yake alichota kwenye bwawa dogo la chini, kwa kuwa kisima kilikuwa mbali na miguu yake ilikuwa mibaya. Hilo nililijua. Kumbuka kwamba nililijua.

Mama huyo alikuwa na mkono wa maziwa. Wanandi husugua kibuyu kwa ndani na makaa ya mti unaoitwa senetwet, halafu hutia maziwa yakakaa siku nyingi mpaka yakawa mursik, mazito, yenye harufu ya moshi. Kila nyumba inatengeneza, lakini ya Mama ilikuwa mambo mengine. Mtoto akipewa jina, tumwendee Mama. Askari karudi kutoka vita vya Hitler, tumwendee Mama. Hakuwa na mume wala ng'ombe wengi, lakini hapakuwa na sherehe ambayo hakuitwa na kupewa kiti.

Na mimi nilikuwa simkaribii! Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Humpi mkono, huingii nyumbani kwake, mkikutana njiani mmoja anaingia vichakani. Wanandi nao wana heshima yao, lakini hii yetu ilimchekesha Mama mpaka machozi. Alikuwa akiniona nimejibanza kwenye mahindi anapaza sauti: "Jerono! Mwambie mumeo mimi si chui. Atoke, mahindi yangu anayakanyaga!"

Lo, nilimpenda yule mama. Namsikia mpaka leo.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara kwetu, na mdogo wangu Wafula alikuwa anaingia. Baba yetu alikuwa ameshakufa. Kijana wa Kibukusu hawezi kusimama mbele ya kisu bila mtu wake nyuma yake, na mtu wake nilikuwa mimi. Siku yake ilikuwa Jumamosi.

Nikamwomba Bwana ruhusa. Akatoa saa, akaitazama, akanitazama na mimi. "Wewe maliza tangi kwanza. Tangi tupu, wewe kwenda." Kesho yake akaondoka na memsahib kwenda Nakuru kwenye mnada wa ng'ombe, arudi Jumatatu. Ofisi ikafungwa, na mkebe wa karatasi ukiwa ndani.

Jumanne nilipochungulia tangi, ilikuwa siku ya sita tu. Maji yalikuwa na wingu la hudhurungi, na mvua zile za Agosti zilikuwa zinalijaza mpaka ukingoni. Yalihitaji kutu zaidi. Nikaenda kwenye pipa la kutu, nikakuta ni vyuma vitupu na maji. Nani alipaswa kuwa amekwangua na kuloweka vingine? Mimi huyu hodari! Wiki tatu nilikuwa napiga soga tu na kusema kesho, kesho.

Lori la mahindi lililokuwa linaelekea upande wa kwetu lilikuwa linapita Alhamisi saa nne asubuhi. Dereva alikuwa rafiki yangu. Nisipolipanda, Wafula atasimama peke yake kama yatima, na mimi nitachekwa mpaka kaburini.

Jioni ile nilikaa nyumbani nikiwa nimenuna. Jerono alikuwa anasugua kibuyu. Nikamuuliza, hivi hivi tu, "Hayo makaa yanatoa nini humo ndani?"

"Yanatoa ubaya wote," akasema. "Bila makaa, maziwa yanaoza siku mbili."

Basi! Shetani hana haja ya maneno mengi. Nikajiambia, kama makaa haya yanatunza maziwa mwezi mzima, yatashindwa na maji? Mzungu ana kutu yake, Wanandi wana makaa yao, na mimi ni mtu mwenye akili, nimejua siri za pande zote mbili.

"Kesho mwombe Mama makaa," nikamwambia. "Kapu zima."

"Ya nini?"

"Kazi ya Bwana."

"Kazi gani ya Bwana inataka makaa ya vibuyu?"

"Jerono, wacha maswali!"

Alikwenda. Mama alitoa yote aliyokuwa nayo, na alikuwa ameyaweka kwa ajili ya Jumamosi hiyo hiyo, maana posa ya binti yake wa mwisho, Jelimo, ilikuwa inakuja. Wageni walikuwa wanatoka Sugoi. Akajibakizia kipande kimoja tu. Ndugu zangu, kama ningekuwa mkwe wa kabila lingine, ningeenda mwenyewe, na yule mama angeniuliza uso kwa uso nayapeleka wapi, na sidhani ningeweza kumdanganya. Lakini mila ilinisaidia. Akaniletea salamu tu kupitia Jerono: "Mwambie mkwe wangu, akitaka kujifunza kutengeneza maziwa asione haya, nitamfundisha kutoka upande wa pili wa ua."

Nikayatwanga yale makaa. Nikayatia ndani ya magunia pamoja na mchanga, nikayazamisha tangini, na unga uliobaki nikaumwaga juu na kukoroga. Usiku kucha sikulala vizuri.

Alhamisi asubuhi nikakimbia kutazama. Maji yalikuwa meupe! Niliona kizibo kule chini kabisa. Ile harufu ya dawa ilikuwa imekwisha. Nikachovya kidole nikagusa ncha ya ulimi. Hakuna uchungu, hakuna chumvi, maji tu.

Kisha nikatema. Nikasukutua na maji ya chupa yangu, nikatema tena.

Sasa niambie wewe, kama niliamini yamepona, nilikuwa natema nini? Hilo swali nimelala nalo miaka tisa. Nilijua! Mahali fulani ndani yangu nilijua kwamba maji meupe si karatasi nyeupe. Lakini honi ya lori ilipiga barabarani mara mbili, nikakamata kizibo kwa mikono miwili na kuzungusha, kikatoka.

Maji yalishuka mtaroni yakinguruma. Nikajiambia mvua itayasukuma mpaka mbali kabla Mama hajashusha debe lake. Nikachukua koti langu nikakimbilia lori, na sikutazama nyuma.

Wafula alisimama vizuri, hakupepesa hata jicho. Nilicheza, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Jumamosi hiyo, saa zile nilizokuwa nacheza, wageni wa Sugoi walikuwa wamekaa nyumbani kwa Mama.

Nilirudi Jumatatu mchana. Jerono alikuwa amesimama mlangoni na hakunisalimu. Macho yamemvimba.

"Nini?" nikamuuliza. "Nani amekufa?"

"Bado hakuna aliyekufa," akasema. "Wageni wa posa wako hospitali ya misheni kule Plateau. Walipelekwa kwa mkokoteni wa maksai, wanatapika mpaka nyongo. Ami wa kijana anayeposa hawezi kusimama, miguu inamwaka moto. Mama naye yuko chini. Ng'ombe wake wawili tumewafukia jana."

Nikakaa kizingitini. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Watu wanasemaje?"

"Wanasema ni maziwa ya Mama."

Sikiliza jinsi mambo yalivyojipanga. Vibuyu vya posa vilioshwa kwa maji ya bwawa. Uji na chai vilipikwa kwa maji hayo hayo. Lakini nani anafikiria maji? Waliougua wote walikula na kunywa kwa Mama, na wa laini, waliochota kisima cha juu, walikuwa wazima. Mgeni alikumbuka kitu kimoja tu, kile kibuyu alichopewa kwa mikono miwili. Na mila inataka mwenye nyumba anywe mwisho, kwa hiyo Mama alikunywa kidogo na kuugua kidogo. Wakasema, mnaona? Yeye alijua!

Kufika Jumanne upande wa kijana ulikuwa umeleta neno: posa imekufa. Hawaoi nyumba yenye sumu mkononi.

Bwana Saa alirudi akakuta tangi tupu. "Nani napima?" akauliza. Nikasema kizibo kilishindwa na mvua. Nilidanganya bila hata kumeza mate. Daktari wa mifugo akajaza chupa kwenye bwawa akaipeleka mjini, na siku chache baadaye jibu likaja kwamba bwawa lina sumu ya dipu.

Bwana aliniita verandani. Uso ulikuwa mwekundu, lakini sauti ilikuwa chini. Mzungu yule alikuwa mkali, ila alikuwa na haki yake. Akasema, "Kizibo nitafanya ingine, ya chuma. Wewe kwenda leo, ambia watu yote: maji ndiyo mbaya, hapana maziwa ya ile mama. Sikia?"

"Ndiyo, Bwana."

"Maji ya dipu. Ambia hivyo."

"Ndiyo, Bwana!"

Siku hiyo hiyo wazee walikuwa wameketi kwa Mama. Nilikwenda. Mimi nilisimama nje ya ua kama mila yangu inavyotaka, nikiona kwa juu ya fito. Mama alikuwa amekaa kwenye ngozi, amekonda, vibuyu vyake vyote vimepangwa mbele yake. Aliyesimamia kikao alikuwa Mzee Arap Tuwei, jirani yake wa miaka mingi, aliyekunywa mkononi mwake tangu akiwa kijana.

Mama alisema, "Nimewakosea nini? Ni nani hapa hajanywa kwangu?" Watu walikuwa wanatazama chini.

Mzee akasema, "Kama kuna mtu ana neno, aliseme sasa."

Jerono alikuwa amekaa karibu na mama yake. Akainua kichwa akanitazama moja kwa moja, juu ya wale watu wote. Alijua. Lile kapu lilirudi nyumbani likinuka dipu na yeye ndiye aliyelileta limejaa makaa. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikakohoa. Nikasema, "Wazee, nina ujumbe wa Bwana. Anasema msichote bwawa la chini mwezi mzima."

"Kwa nini?" Mzee akauliza.

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi! Maji ya dipu. Maneno matatu tu. Lakini nikisema dipu, wataniuliza nani mtu wa dipu. Wataniuliza kizibo kilitokaje. Niliona pingu, niliona korti, niliona mtoto wetu, ambaye Jerono alikuwa na mimba yake, akizaliwa mimi niko jela.

"Sijui," nikasema. "Ni amri tu ya Bwana."

Ole wangu mimi! Mzee alitikisa kichwa akageukia mambo mengine. Amri za Bwana zilikuwa nyingi siku zile, hakuna aliyezichimbua.

Ndipo Mama akanyanyuka. Alichukua jiwe la kusagia, akakiweka kibuyu cha kwanza chini akakipasua. Akachukua cha pili. Hakuna aliyemtuma. Vingine alivirithi kwa mama yake, vina mikanda ya ngozi na shanga. Alivipasua vyote pole pole bila kulia, na mimi nilisimama pale nje ya ua nikihesabu kila mshindo. Alipomaliza akasema, "Sasa hakuna atakayesema ameugua kwa mkono wangu."

Jelimo alingoja posa nyingine, haikuja. Akaenda Kitale kulea watoto wa wazungu, na huko yupo mpaka leo bila nyumba yake. Yule ami wa Sugoi alipona tumbo lakini miguu haikumrudia sawasawa, anatembea kwa fimbo. Mtoto wetu alipozaliwa na kupewa jina, maziwa yaliletwa kutoka boma lingine, na bibi yake mzaa mama akakaa pembeni akinywa chai ya rangi. Hebu fikiria! Mjukuu wake mwenyewe!

Jerono hakuniacha. Heri angeniacha. Jioni ile ya kikao aliniambia, "Mimi sitasema. Utasema wewe." Hakurudia tena, lakini tangu siku hiyo hajasugua kibuyu nyumbani kwangu. Watoto wangu ni nusu Wanandi na hawajui ladha ya mursik. Kila asubuhi nikiona sufuria ya chai mezani najua nimeambiwa.

Na watu wakawa wananisifu! "Mkwe wa yule mama ana heshima, hata kivuli chake hakikanyagi." Nilikuwa sitembei njia ya boma lake kabisa, nazunguka kilima kizima. Walidhani ni mila ya Kibukusu. Ilikuwa ni aibu tu, nimeivika nguo ya mila.

Mwezi uliopita Jerono alikuja na ujumbe. Mama macho yanakwisha. Amesema, "Mwambie mkwe aje, mila yake aiache mlangoni. Nataka nione uso wa mtu aliyemwoa mwanangu kabla giza halijafunga."

Nikaenda. Nikainama nikaingia nyumba ile kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakaa kwenye kigoda. Alinisogelea karibu sana, akanitazama paji la uso, pua, kidevu, kama mtu anayechagua mbegu. "Kumbe wewe ni mzuri," akasema, akacheka. "Na nilidhani unaficha kasoro."

Kisha akapapasa pembeni akatoa kibuyu. Kibuyu! Kumbe alikuwa ametengeneza kimoja, cha kunywa peke yake. Akamimina kwenye kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

Na mkono wangu ukasita.

Wewe unayesoma, nisikilize vizuri hapa. Mimi, mtu mmoja duniani ninayejua kuliko wote kwamba maziwa yale hayakuwahi kuwa na kosa, mkono wangu ulisita. Miaka tisa ya uongo wangu ilikuwa imeniingia mimi mwenyewe. Ilikuwa muda wa kupepesa jicho tu, lakini macho yake mabovu yaliona.

"Hata wewe," akasema. Akavuta kikombe taratibu akakirudisha.

Hapo nikaanguka chini kwa magoti, nikasema yote. Kutu iliyokwisha, makaa yake, kizibo, honi ya lori, kutema kwangu, ujumbe wa Bwana niliouficha. Nililia kama mtoto.

"Makaa yangu," akasema mwishoni. "Ukayatwanga ukatia kwenye dipu."

"Ndiyo, Mama."

"Mkwe, makaa ni ya kibuyu." Akakipapasa kibuyu chake. "Mimi kuniambia ni bure. Mimi nilijua maziwa yangu siku zote. Wewe nenda ukawaambie ambao hawakujua. Ukisha, uje unywe."

Ndiyo sababu naandika. Nyinyi mnaofanya kazi za madawa, kwenye majosho, kwenye viwanda vya ngozi, kwenye karakana za betri, popote penye sumu ya kutulizwa: msiyaamini maji kwa kuyaona meupe! Sumu ile haina rangi wala harufu wala ladha. Kama fundi amesema siku kumi na nne, ziwe kumi na nne, hata kama mama yako anazikwa. Kama kipimo kimefungiwa ofisini, keti umngoje mwenye ufunguo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, maana ukweli ukichelewa kuna mtu anauliwa jina lake.

Mhariri, jina langu lifiche kwa wasomaji wa mbali. Wa karibu hawatalihitaji gazeti. Nimekwisha kumwomba Mzee Arap Tuwei, naye amezeeka sana, awaite watu waliokuwapo siku ile, na ametuma mtu Sugoi kwa yule ami mwenye fimbo. Jelimo amepelekewa habari Kitale. Wanakuja Jumapili baada ya kanisa, wakae pale pale kwenye ngozi mbele ya nyumba ya Mama, na safari hii mimi nitasimama ndani ya ua. Wakitaka kunipeleka polisi, nimevaa viatu tayari.

Jerono leo asubuhi sikumwona jikoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi chini, amekata tawi la senetwet analichoma liwe makaa ya kibuyu.